Picha Isiyo na Majina ni Mzigo Usio na Alama

(Hotuba iliyotolewa kwa niaba ya wauguzi na akina mama wa jumuiya katika sherehe ya Uhuru, Desemba 9, Barabara ya Zhanqian, Guangzhou)

Ninyi watoto mliotuamkia pale mlangoni, marahaba tena. Tunaomba dakika zenu chache kabla keki haijakatwa, kwa sababu mada ya leo inawahusu ninyi kuliko mtu mwingine yeyote humu ndani.

Tumeombwa tuseme juu ya picha za zamani za familia, hasa za sisi tuliotoka milimani: Kilimanjaro, Upare, Usambara, Uluguru, Meru, Rungwe. Wengine wetu hapa ni wa Pwani na Visiwani, wengine wa Ziwa na wa Kati. Mtatusamehe tukitumia mifano mingi ya Uchagani, maana ndiko tunakokujua zaidi. Lakini sanduku la picha lililo uvunguni mwa kitanda cha bibi linafanana kila mahali.

Usiku wa kuamkia Desemba 9, mwaka 1961, Luteni Alexander Nyirenda alisimamisha bendera na Mwenge juu ya kilele cha Kibo. Mwalimu Nyerere alikuwa ameuzungumzia Mwenge huo mwaka 1959, kabla hata tarehe ya Uhuru haijajulikana. Hayo tunayajua wote. Ambalo hatulisemi mara nyingi ni kwamba kilele kile kilikuwa na jina jingine kwenye ramani. Hans Meyer, Mjerumani aliyefika juu Oktoba 6, 1889, alikiita kwa jina la Kaisari Wilhelm. Mlima ulikuwa wetu, watu waliokaa chini yake walikuwa na majina yao, lakini ramani ilimtaja mfalme ambaye hakuwahi hata kuuona. Baada ya Uhuru kilele kikaitwa Uhuru. Kwa hiyo watoto, mkiulizwa Uhuru ni nini, mnaweza kujibu hivi pia: Uhuru ni kuwa na haki ya kuandika majina yako mwenyewe.

Sasa twende kwa watu waliopanda na Meyer. Hakupanda peke yake na mwenzake Purtscheller. Walikuwepo wapagazi na waongozaji, watu wa kwetu, waliobeba chakula, mahema na vyombo. Miaka 100 ikapita. Mwaka 1989, ilipoandaliwa sherehe ya karne moja, kamati ikataka kuwatambua Waafrika wale. Ikabidi warudi kwenye picha na maandishi ya zamani, wayalinganishe na mzee mmoja aliyekuwa hai kule Marangu, Yohani Kinyala Lauwo. Mzee hakujua umri wake. Alikumbuka kupanda mlima na Wazungu, alikumbuka kutembea bila viatu. Kamati ikaridhika kwamba alikuwemo katika msafara ule, akapewa heshima yake. Alifariki mwaka 1996. Mpaka leo wapo wanaokubali kuwa ndiye na wapo wanaobisha, kwa sababu kama ndiye, basi alifariki akiwa na miaka zaidi ya 120.

Sisi hatukuja hapa kuamua ubishi huo. Tunataka mwone chanzo chake tu. Ubishi upo kwa sababu mwaka 1889 aliyekuwa na kamera na kalamu hakuona haja ya kuandika kwa ukamilifu: huyu ni fulani, mtoto wa fulani, wa ukoo fulani, wa kijiji fulani. Mstari mmoja wa maandishi ungemaliza kazi yote ya kamati. Ndivyo ilivyo kwa picha nyingi za wakati ule. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, na Wakatoliki wakawa Kilema katika miaka hiyohiyo. Walipiga picha nyingi, na nyingine zimehifadhiwa vizuri Ulaya mpaka leo. Ukizitazama unakuta mama amebeba mkungu wa ndizi, na chini yake pameandikwa tu kwamba ni mwanamke wa Kichagga. Mama yule alikuwa bibi wa mtu. Huenda ni bibi wa mtu aliyekaa humu ndani leo.

Tunawaambia haya tukiwa wauguzi. Sisi tuliosomea uuguzi hapa China, kwa Kichina, tulianza na jambo moja kabla hata hatujafundishwa kushika sindano: jina. Unamwuliza mgonjwa jina lake, unasoma kitambaa kilicho mkononi mwake, unalinganisha na karatasi, ndipo unamgusa. Ukichukua damu kwenye kichupa, unabandika jina pale pale kitandani, usingoje kufika mezani. Kichupa kisicho na jina kikifika maabara hakipimwi. Damu ni nzima, kichupa ni kizima, ila hakuna anayeweza kusema ni ya nani, kwa hiyo kinatupwa.

Na ninyi wafanyabiashara wa Barabara hii ya Zhanqian mnalijua jambo hilo kuliko sisi. Zhanqian maana yake ni "mbele ya stesheni", na kweli tuko hatua chache kutoka Stesheni ya Guangzhou, katikati ya masoko ya nguo za jumla. Kila siku mnafunga mabalo hapa. Balo likishafungwa kwa utepe, mnafanya nini? Mnachukua kalamu nene mnaandika alama: jina la mwenye mzigo, mji, namba ya balo. Mzigo wenye nguo nzuri za mamilioni, ukienda ghala la wakala bila alama, utafika Dar es Salaam na utakaa hapo mpaka auchukue asiye wake. Picha za wazazi wetu ndizo mizigo hiyo. Zimefungwa vizuri, zimesafiri miaka 40, 50, 60. Hazina alama.

Tumekaa na familia nyingi za hapa wakati wa misiba. Mnajua inavyokuwa. Simu inaingia usiku kwamba babu ametutoka. Hatuwezi wote kusafiri, tunakaa chumbani kwa mfiwa, tunachanga, tunapika. Kesho yake nyumbani wanaomba picha ya kuweka kwenye kitabu cha ibada. Ndipo kutafuta kunaanza. Mmoja ana picha ya kitambulisho cha mpiga kura, uso umefifia. Mwingine anakata uso wa mzee kutoka picha ya harusi, na bega la mtu mwingine linabaki pembeni. Mtoto wa miaka 9 aliyezaliwa hapa anauliza, "Babu alikuwa anacheka?" Swali zuri, lakini halina jibu kwenye simu ya mtu yeyote humu ndani. Picha ya babu akicheka ipo. Iko Rombo, au Usangi, au Lushoto, kwenye bahasha ya kaki nyuma ya kabati, na anayejua iliko ni bibi peke yake.

Ndiyo maana tunasema muda si mrefu. Picha yenyewe inaweza kungoja kidogo. Picha ya nyeusi na nyeupe iliyosafishwa vizuri studio hukaa miaka 100 na zaidi. Asiyeweza kungoja ni mzee anayejua majina. Hospitalini, zamu ya usiku haiondoki mpaka imemkabidhi mgonjwa kwa zamu ya asubuhi: huyu ni nani, alilalaje, ana nini, nini kiangaliwe. Muuguzi akiondoka bila kukabidhi, mgonjwa yupo na hakuna amjuaye. Wazee wetu wako mwisho wa zamu. Wengi hawajakabidhi, na sababu ni kwamba sisi tunaopokea hatujafika.

Wapo wanaosema hayo ni mambo ya kumbukumbu tu, na sisi tuna kodi za kulipa na makontena ya kujaza. Tuwajibu kwa mambo matatu.

La kwanza ni afya. Daktari yeyote, hapa au Muhimbili au KCMC, atakuuliza kwenu kuna nani mwenye kisukari, shinikizo la damu, selimundu, saratani. Wengi wetu tunajibu, "Sijui." Mkikaa na shangazi mbele ya picha moja ya ukoo ya mwaka 1974, atawaambia bila kuulizwa: huyu alikufa ghafla akiwa shambani, huyu miguu ilimvimba, huyu alizaa watoto wawili wakafa wadogo kwa maumivu ya viungo. Hiyo ni historia ya afya ya familia, na hakuna faili la hospitali litakalowapa.

La pili ni haki. Machi 2, 1900, Wajerumani walimnyonga Mangi Meli kule Old Moshi pamoja na viongozi wengine. Inaaminika kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na ukoo wake umekitafuta kwa miaka mingi. Septemba 2023, taasisi inayosimamia makumbusho ya Berlin ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeoanisha baadhi ya mafuvu yaliyochukuliwa wakati wa ukoloni na watu walio hai leo Tanzania, wa familia za Kilimanjaro. Fikirini hilo. Mashine ya maabara haina pa kuanzia kama hakuna familia inayojua babu wa babu yao alikuwa nani. Waliojua ukoo wao ndio walioweza kutoa mate wapimwe. Na hata mambo madogo, kama mpaka wa kihamba: ipo picha ya mzee amesimama kando ya masale, na masale ndiyo mpaka. Picha hiyo ikiwa na tarehe na majina inaweza kuwapatanisha ndugu kabla hawajafika baraza la ardhi.

La tatu ni mlima wenyewe. Picha nyingi za kipaimara na harusi za Uchagani zimepigwa nje, asubuhi, Kibo ikiwa nyuma. Mpiga picha alitaka mlima uonekane. Wataalamu waliopima wanasema kati ya 1912 na 2007 barafu ya Kilimanjaro ilipungua kwa takriban asilimia 85. Picha ya shangazi na gauni lake jeupe la kipaimara, ikiwa na mwaka, inaonyesha barafu ilikuwa wapi mwaka ule. Inaonyesha pia migomba, paa la nyasi kabla ya mabati, mfereji wa maji uliopita uani, mikahawa iliyong'olewa baadaye. Mtoto aliyezaliwa Guangzhou anaweza kuona shamba la ukoo wake lilivyokuwa kabla baba yake hajazaliwa.

Watu wa mkoa huu tunaoishi waliligundua hilo kabla yetu. Wengi mmepita kituo cha treni ya chini ya ardhi, laini namba 1, chenye jina la ukumbi wa ukoo wa Chen. Jengo lile lilikamilika mwaka 1894. Watu wa jina la Chen kutoka wilaya 72 za Guangdong walichanga fedha, wakajenga mahali pa kuwaenzi wahenga wao na pa kufikia vijana wao waliokuja mjini kufanya mitihani. Si jambo geni kwetu: ni mchango wa ukoo. Tofauti ni kwamba wao waliandika. Koo nyingi za hapa zina kitabu cha ukoo, kizazi kwa kizazi.

Na wao pia walikuwa wahamiaji. Kutoka Guangdong na Fujian watu walikwenda Malaysia, Singapore, Thailand, Marekani. Waliotuma fedha nyumbani waliandika barua pamoja na fedha hizo, na mara nyingine walitia na picha. Barua hizo zinaitwa qiaopi. Familia zilizitunza masandukuni, na mwaka 2013 UNESCO iliziingiza katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Waandishi walikuwa vibarua, wapishi na wauza duka, wakiuliza mama amepona na mdogo wao ameanza shule. Sisi nasi tunatuma fedha kila mwezi kwa simu. Ujumbe unaosindikiza fedha zetu unasema, "Imefika?" na jibu ni "Ndiyo, ahsante." Baada ya miaka 100 nani atajua kutoka ujumbe huo kwamba tuliishi?

Basi tufanye nini? Tumepanga mambo machache, mtu yeyote anaweza kuyafanya.

Mwezi huu wa Desemba wengi mnakwenda nyumbani. Uchagani Krismasi ni kurudi, barabara ya Dar kwenda Moshi inajaa. Wengine mtakwenda Januari au Februari, masoko haya yatakapofungwa kwa Mwaka Mpya wa Kichina. Ukifika, usianze kudai picha siku ya kwanza. Salimia, kula mtori, nenda makaburini, waone majirani. Siku ya pili au ya tatu, baada ya chai, mwombe bibi akuonyeshe picha. Msikilize. Washa kinasa sauti cha simu ukimwambia kwamba unarekodi, ukiweke mezani, ukisahau.

Kila picha iulizwe maswali matano. Ni nani hawa, kuanzia kushoto kwenda kulia, mstari wa nyuma kisha wa mbele? Ni wapi? Ni lini? Nani alipiga? Na swali la tano, ambalo watu hulisahau: nani alipaswa kuwepo na hayupo? Swali hilo ndilo linalofungua mdomo. Utaambiwa, "Baba yenu mkubwa alikuwa Kagera vitani." Utaambiwa, "Mdogo wetu alikuwa amekwenda Mombasa, hakurudi tena."

Mwaka usipojulikana, msimlazimishe mzee ataje namba. Mwulizeni kwa matukio. Ilikuwa kabla ya Uhuru au baada? Kabla ya Azimio la Arusha, 1967? Baba alikuwa bado anapeleka kahawa chama cha msingi? Ni kabla ya vita vya Kagera, 1978? Mtoto huyu aliyebebwa mgongoni ni nani, na alizaliwa lini? Nyumba ilikuwa na bati? Kwa njia hiyo utapata mwaka kwa tofauti ya mwaka mmoja au miwili, na hiyo inatosha.

Tunawasisitiza juu ya akina mama. Kwetu mwanamke huitwa kwa mtoto wake: Mama Fulani. Ni heshima, hatuipingi. Lakini nyuma ya picha ukiandika "Mama Fulani" peke yake, kizazi cha tatu hakitajua kwamba bibi huyo alikuwa na jina lake, na kwamba alitoka ukoo mwingine, kijiji kingine, pengine mlima mwingine. Andika jina alilopewa na wazazi wake na ukoo aliotoka. Wapagazi wa 1889 walipotea kwa sababu mgeni hakuandika. Bibi zetu wasipotee kwa sababu sisi hatukuandika.

Sasa kuhusu picha zenyewe. Nawa mikono, kausha, shika picha kwenye kingo. Usifute kwa kitambaa chenye maji wala kwa spiriti. Tumia brashi laini kavu. Picha iliyogandana na kioo usiibandue. Ipige kupitia kioo hicho hicho, simu ikae kwa pembeni kidogo kama kuna mng'ao. Iliyobanwa kwenye albamu zile za karatasi zenye gundi na plastiki juu, usiing'oe kwa nguvu, piga ukurasa mzima. Picha za rangi za miaka ya 1970 na 1980 ndizo zianze, kwa sababu rangi zake hufa mapema. Wengi mmeziona zimekuwa nyekundu au manjano. Zikishafifia kabisa hazirudi.

Ukizipiga kwa simu, laza picha mezani karibu na dirisha, pasipo jua la moja kwa moja, bila taa ya simu. Simu iwe sambamba na meza. Kisha igeuze, upige na nyuma. Nyuma ndipo penye muhuri wa studio, tarehe, au maneno ya salamu ambayo baba aliandika kwa mama wakati anamchumbia. Kama kuna duka lenye skana, mwambie aweke nukta 600 kwa inchi, si chini ya 300.

Majina yaandikwe nyuma kwa penseli laini, taratibu, picha ikiwa juu ya kitu kigumu. Kalamu ya wino hubonyea mpaka mbele, na wino huvuja. Picha za kisasa zenye ngozi ya plastiki hazishiki penseli; hizo zitie kwenye bahasha ya karatasi, uandike juu ya bahasha.

Usiziondoe kwa bibi. Hilo tunalisema kwa uzito. Picha asili ni zake, zibaki kwake mpaka atakapoamua mwenyewe. Wewe chukua nakala. Na kabla hujaondoka umsaidie kuzitoa jikoni penye moshi, kuzitoa kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa na unyevu ndani, uzitie kwenye boksi kavu mahali pa juu. Vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu vinavyonyonya unyevu, badala ya kuvitupa, vibebeni. Vina kazi Uchagani wakati wa masika, na vina kazi hapa Guangzhou majira yale ya kuchipua ambapo kuta zinatoka jasho.

Kutuma nako kuna hesabu zake. WhatsApp ya nyumbani na WeChat ya hapa zote hupunguza ubora wa picha msipoangalia. Kwenye WhatsApp itumeni kama hati. Kwenye WeChat chagueni picha halisi, na mfungue faili mapema kabla muda wake haujaisha. Hifadhi za mtandaoni zinazofunguka Moshi huenda zisifunguke hapa. Kwa hiyo nakala ziwe tatu: moja kwenye simu au kompyuta, moja kwenye diski, na moja kwa ndugu anayekaa mji mwingine. Na zile muhimu, chapisheni kwenye karatasi. Simu huibiwa, simu hutumbukia ndooni. Picha iliyo ukutani mtoto huiona kila siku akila chakula.

Jambo moja la mwisho katika haya, na hapa tunazungumza tena kama wauguzi. Tumeapa kutunza siri za wagonjwa. Familia nazo zina siri. Mtakuta picha iliyokatwa kwa mkasi, mtu mmoja ameondolewa. Mtakuta picha ambayo mama akiiona ananyamaza. Msimlazimishe. Andikeni tu kwamba ipo, mrudi mwaka mwingine kama atapenda. Picha za marehemu jenezani, za wagonjwa na za watoto wasio wenu zisirushwe kwenye makundi. Si kila kilichohifadhiwa ni cha kuonyeshwa.

Jumuiya imekubali kwamba kuanzia Machi, wengi wakisharudi, tutakuwa na meza ya picha katika kila mkutano wetu. Kila familia ilete picha tano, tano tu, zikiwa na majina, mahali na mwaka. Watoto ndio watakaosimama kuzieleza, kwa Kiswahili. Kichina mnakijua tayari, hicho hakitupi wasiwasi. Wale ambao baba ni wa kwetu na mama ni wa hapa, leteni za pande zote mbili, maana mna koo mbili na zote zina haki ya kutajwa. Wasiokwenda nyumbani mwaka huu wapige simu ya picha, waombe kijana wa kule ashike albamu mbele ya kamera, ukurasa kwa ukurasa, bibi akiwa pembeni anataja majina.

Watoto, mmetusikiliza vizuri, keki inakuja. Kuna kazi moja tunawapa ninyi wenyewe. Leo mtapiga picha nyingi hapa, mna bendera mikononi na mmependeza. Kabla hamjalala usiku huu, chagueni moja. Mwambieni mama aichapishe. Nyuma yake mwandike kwa mkono wenu: majina ya wote, Barabara ya Zhanqian, Guangzhou, Desemba 9, na mwaka. Halafu mzazi anayesafiri aipeleke kwa bibi, iingie kwenye sanduku lile lile lililo uvunguni. Bibi naye anahitaji kujua ninyi ni nani.

Heri ya Uhuru. Wanaosafiri, safari njema, mkawasalimie wote.